Vumbi la Asbesto: Madhara Yasubiriyo Miaka 40

Katika miaka ya 1950, madaktari wa hospitali ya maradhi ya kifua mjini Kimberley, Afrika Kusini, walikutana na fumbo ambalo elimu yao haikuweza kulifumbua. Wagonjwa wengi waliolazwa humo walikuwa na maji yaliyojaa baina ya pafu na mbavu, nao walihesabiwa kuwa wameshikwa na kifua kikuu. Dawa mpya za kifua kikuu zilikuwa zimekwisha kupatikana, na matumaini yalikuwa makubwa. Hata hivyo, Daktari C. A. Sleggs, mmoja wa waliowatibu wagonjwa hao, alitambua jambo la ajabu. Wagonjwa waliotoka upande wa mashariki ya mji walipona kwa dawa hizo kama ilivyotazamiwa. Miongoni mwa wale waliotoka magharibi walikuwapo ambao dawa hazikuwafaa kitu. Walizidi kukonda, maumivu ya kifua yakazidi, pumzi zikawa fupi, na mwishowe wakafa.

Vijidudu vya kifua kikuu havibagui baina ya mashariki na magharibi. Basi ni kitu gani kilichokuwako magharibi ya Kimberley ambacho hakikuwako mashariki? Jibu la swali hilo lilikuwa katika ardhi yenyewe. Upande huo ndiko iliko safu ya vilima ambavyo hata kwa jina huitwa Vilima vya Asbesto, na madini hayo yalikuwa yakichimbwa huko na kampuni ya Kiingereza tangu mwaka 1893. Lakini wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wachimbaji. Wengine walikuwa wamezihama sehemu hizo miaka mingi kabla ya kuugua. Ili kuelewa jinsi vumbi lililovutwa utotoni linavyoweza kumwua mtu akiwa mzee, yafaa kwanza kueleza asbesto ni kitu gani.

JIWE LINALOFUMWA KAMA PAMBA

Asbesto ni jina la pamoja la madini 6 ya jamii ya silikati, ambayo kwa asili yake yamejengeka kwa nyuzinyuzi. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Kigiriki na maana yake ni kitu kisichozimika. Aina zilizotumika zaidi viwandani ni 3: krisotili, ambayo ni asbesto nyeupe, amositi, yenye rangi ya kahawia, na krosidoliti, ambayo ni asbesto ya buluu, ndiyo iliyochimbwa katika vilima vya magharibi ya Kimberley.

Sifa za jiwe hili ni za kustaajabisha. Haliungui kwa moto wa kawaida, halipitishi joto kwa urahisi, halioziki, haliliwi na mchwa, na nyuzi zake zina nguvu kubwa zinapovutwa. Tena ni rahisi kwa bei. Kwa hiyo lilifumwa nguo za wazima moto, likafunikwa juu ya mabomba ya mvuke katika meli na viwanda, likatiwa katika pedi za breki za magari, na zaidi ya yote likachanganywa na saruji kutengeneza mabomba ya maji na mabati ya kuezekea. Katika miaka ya 1970, dunia ilikuwa ikichimba zaidi ya tani milioni 4 za asbesto kila mwaka.

Bahati mbaya ni kwamba sifa hizo hizo zilizoifanya asbesto ipendwe ndizo zinazoifanya iwe adui wa mwili. Kitu kisichoungua, kisichooza wala kuyeyuka nje ya mwili, hakiozi wala kuyeyuka kwa urahisi ndani ya mwili.

KINACHOTOKEA NDANI YA PAFU

Uzi wa pamba ukikatwa hubaki mnene vile vile, ila huwa mfupi. Uzi wa asbesto una tabia nyingine: ukisagwa, hupasuka kwa urefu wake, ukatoa nyuzi zilizo nyembamba zaidi na zaidi. Mwisho wake ni nyuzi ambazo unene wake haufiki mikrometa 1, yaani sehemu ya 1,000 ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikrometa 70 hivi. Nyuzi za namna hiyo hazionekani kwa macho, hazina harufu, haziwashi puani, na zikisharuka huweza kuelea hewani kwa saa nyingi.

Mwili wa binadamu una ulinzi wake dhidi ya vumbi. Vumbi nene hunaswa na kamasi puani na katika njia za hewa, kisha hutolewa kwa kikohozi. Vumbi jembamba lifikalo mwisho wa pafu, katika vifuko vidogo ambamo oksijeni huingia katika damu, hukutana na seli walinzi ziitwazo makrofaji. Kazi ya seli hizo ni kumeza kila kigeni na kukiyeyusha. Lakini makrofaji yenyewe haina upana unaozidi sana mikrometa 20, na uzi wa asbesto huweza kuwa mrefu kuliko hivyo. Seli hiyo huwa kama kuku aliyeanza kumeza uzi mrefu: hawezi kuumaliza wala hawezi kuutema. Katika jitihada hiyo isiyo na mwisho, seli hutoa kemikali kali zilizokusudiwa kumwua adui, na kemikali hizo huunguza nyama ya pafu lililo zima. Seli hiyo ikifa, nyingine huja kushika nafasi yake, na vita vile vile huanza upya.

Vita hivyo huendelea kwa miaka mingi, mchana na usiku, bila ya mwenye mwili kuhisi chochote. Mwisho wake huweza kuwa mojawapo ya maradhi yafuatayo.

Kwanza ni asbestosi. Pafu hujaa makovu, likawa gumu, likashindwa kutanuka. Mgonjwa hutweta hata kwa kupanda ngazi chache. Kwa kawaida maradhi haya huwapata wale waliovuta vumbi jingi kwa muda mrefu, na hayana dawa ya kuyaponya.

Pili ni saratani ya pafu, ambayo huzidishwa mno na uvutaji wa sigara, kama itakavyoelezwa.

Tatu ni mesotelioma, saratani ya utando mwembamba unaozunguka mapafu, na pengine ule unaozunguka matumbo. Ni ugonjwa wa nadra sana kwa watu ambao hawakupata kukutana na asbesto. Sigara haihusiki nao. Huanza kuonekana miaka 20 hadi 50 baada ya vumbi kuvutwa, na ukishaonekana, wengi wa wagonjwa hawamalizi miaka 2.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kwamba aina zote za asbesto, pamoja na ile nyeupe, husababisha saratani. Mbali na hizo zilizotajwa, zimo pia saratani ya koo la sauti na ya ovari.

FUMBO LA KIMBERLEY LAFUMBULIWA

Mwaka 1956, Daktari J. C. Wagner, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa akichunguza maradhi ya vumbi mjini Johannesburg, alipasua maiti ya mtu aliyedhaniwa kufa kwa kifua kikuu. Badala ya vidonda vya kifua kikuu, aliona uvimbe mkubwa uliolizingira pafu. Hiyo ilikuwa mesotelioma, saratani ambayo wataalamu wengi wa wakati huo walishuku hata kuwako kwake. Wagner akashirikiana na Sleggs wa Kimberley pamoja na mpasuaji Paul Marchand. Waliwafuata wagonjwa na jamaa zao, wakawauliza jambo moja ambalo daktari wa kawaida haulizi: ulizaliwa wapi, ulikulia wapi, na ulifanya kazi gani tangu utoto?

Matokeo yalichapishwa mwaka 1960. Wagonjwa walikuwa 33, wanaume 22 na wanawake 11, wenye umri wa miaka 31 hadi 68. Wote isipokuwa 1 walielekea kuwa wamewahi kukutana na asbesto ya buluu, na wengi wao walikutana nayo katika vilima vya magharibi ya Kimberley. Miongoni mwao walikuwamo ambao hawakupata kuajiriwa mgodini hata siku moja. Waliishi jirani na migodi walipokuwa watoto, wakacheza juu ya vichuguu vya mabaki ya mawe yaliyosagwa. Katika migodi hiyo, ilikuwa kazi ya wanawake kukaa chini na kugonga mawe kwa nyundo ili kuzitenga nyuzi, nao walikuwa na watoto wao karibu. Mtoto alivuta hewa ile ile aliyovuta mama yake.

Miaka 5 baadaye, mwaka 1965, uchunguzi wa Muriel Newhouse na Hilda Thompson mjini London ulionyesha jambo kama hilo. Kati ya wagonjwa 76 wa mesotelioma ambao habari za maisha yao zilipatikana, 31 walifanya kazi penye asbesto, na 9 walikuwa jamaa tu wa wafanyakazi. Aghalabu hao walikuwa wanawake waliofua nguo ambazo waume zao walirudi nazo kutoka kiwandani. Vumbi halikuishia langoni mwa kiwanda.

ONYO LILIKUWAKO MAPEMA

Msomaji anaweza kudhani kwamba kabla ya mwaka 1960 hakuna aliyejua. Sivyo. Machi 1924 alifariki Nellie Kershaw wa mji wa Rochdale, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 33. Alikuwa akisokota nyuzi za asbesto. Alipoumwa na kuomba msaada, mwajiri wake alikataa kuwajibika, kwa hoja kwamba sumu ya asbesto haikuwamo katika orodha ya maradhi ya kazini. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake kwa hadubini, akaona chembe za madini ndani ya makovu, akayachapisha aliyoyaona. Mwaka 1927 aliupa ugonjwa huo jina la asbestosi.

Serikali ya Uingereza ikaamuru uchunguzi. Mwaka 1930 Daktari E. R. A. Merewether na mhandisi C. W. Price walitoa taarifa yao. Katika wafanyakazi 363 waliopimwa, 95 walikuwa na makovu ya mapafu, yaani zaidi ya 1 katika kila 4. Tena kadiri mtu alivyokuwa amefanya kazi kwa miaka mingi zaidi, ndivyo alivyoelekea zaidi kuwa na makovu. Kwa waliozidi miaka 20 kazini, 4 katika kila 5 walikuwa wagonjwa. Kanuni za kupunguza vumbi zilitungwa mwaka 1931, lakini ziliwahusu wafanyakazi wa viwanda fulani vya Uingereza tu. Hazikumhusu fundi aliyekata bati la asbesto juu ya nyumba, wala mwanamke aliyegonga mawe katika vilima vya Afrika Kusini, ijapokuwa mali yake iliuzwa London.

Mwaka 1955 Richard Doll alionyesha uhusiano wa asbesto na saratani ya pafu. Katika wanaume 113 waliofanya kazi kwa miaka 20 au zaidi katika kiwanda kimoja, 11 walikufa kwa saratani hiyo, ambapo idadi iliyotazamiwa kwa watu wa umri wao haikufikia hata 1.

Huko Marekani, Irving Selikoff na wenzake waliwafuatilia mafundi zaidi ya 17,000 waliofunika mabomba kwa asbesto. Matokeo yao ya mwaka 1979 yanafaa kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa hesabu. Ikiwa hatari ya kufa kwa saratani ya pafu kwa mtu asiyevuta sigara na asiyekutana na asbesto ni 1, basi kwa fundi wa asbesto asiyevuta sigara ilikuwa takriban 5, na kwa mvutaji sigara asiyekutana na asbesto takriban 11. Je, kwa fundi aliyevuta sigara ilikuwa ngapi? Mtu angeweza kutazamia 5 na 11 zijumlishwe, apate 16. Kumbe ilizidi 50. Hatari hizo mbili hazijumlishwi, zinazidishana.

KWA NINI WATU HAWAKUSADIKI

Mtoto akigusa kaa la moto, kidole huungua papo hapo, naye huujua moto maisha yake yote. Asbesto haifundishi kwa namna hiyo. Fundi aliyekata mabati mchana kutwa hurudi nyumbani, akaoga, akala, akalala, na kesho yake huamka mzima. Hivyo hivyo mwaka wa pili na wa kumi. Kila siku ipitayo bila madhara huonekana kuwa ushahidi kwamba hakuna madhara.

Tuseme kijana alianza kazi mwaka 1965 akiwa na miaka 20, na mesotelioma ikamtokea baada ya miaka 40. Huo ni mwaka 2005, naye ana miaka 60. Amekwisha kustaafu na kurudi kijijini. Kiwanda pengine kimefungwa, msimamizi wake amekufa, na madaftari ya mishahara yameliwa na mchwa. Daktari anamwona mzee mwenye maji kifuani; hana sababu ya kufikiria mwaka 1965. Kifo kinaandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine, na hesabu ya taifa inaonyesha kwamba asbesto haijamdhuru mtu.

Mwaka 1700, tabibu wa Kitaliano Bernardino Ramazzini aliwashauri matabibu waongeze swali moja katika maswali yao kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Kwa maradhi ya asbesto, swali hilo halitoshi. Hapana budi kuuliza pia: ulifanya kazi gani zamani, na baba na mama yako walifanya kazi gani?

Kuchelewa huko kuna tokeo jingine lililo zito zaidi. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na ile nyeupe mwaka 1999. Mwaka 1968 vifo vya mesotelioma nchini humo vilikuwa 153. Katika miaka ya 2010, muda mrefu baada ya marufuku, vilifikia takriban 2,500 kila mwaka. Waliokufa miaka hiyo walikuwa wakilipa deni lililokopwa kabla ya sheria kutungwa. Sheria huzuia madeni mapya. Haifuti yaliyokwisha kuandikwa kifuani.

Hata haki nayo huchelewa. Maelfu ya wachimbaji na wakazi wa Afrika Kusini walioumwa walifungua mashtaka katika mahakama za Uingereza dhidi ya kampuni iliyomiliki migodi. Miaka ilipita katika kubishania tu ni nchi ipi isikilize kesi. Julai 2000, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufani, liliamua kwamba isikilizwe Uingereza. Mapatano ya fidia yalifikiwa mwaka 2003, na wakati huo wengi wa walalamikaji walikuwa wamekwisha kuzikwa. Afrika Kusini yenyewe ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008.

PAA LA SHULE

Afrika Mashariki haikuwa na migodi mikubwa ya asbesto kama ile ya kusini, lakini haikuepukana na mali iliyotokana nayo. Nyumba za serikali, hospitali, maghala na shule nyingi zilizojengwa katikati ya karne ya 20 ziliezekwa kwa mabati ya asbesto. Watu huyaita mabati ijapokuwa hayana chuma: ni saruji iliyochanganywa na asbesto, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Ni mazito, yana rangi ya kijivu, na yakianguka huvunjika, hayapindi. Kenya iliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari kwa kanuni za mwaka 2006. Rwanda imekuwa na mpango wa taifa wa kuziondoa paa hizo.

Kwa hiyo huenda msomaji anausoma ukurasa huu akiwa chini ya paa la namna hiyo. Hana haja ya kutaharuki. Maadamu bati ni zima na halijaguswa, saruji huzishika nyuzi zisiruke. Hatari huanza pale bati linapokatwa kwa msumeno, kutobolewa kwa keekee, kuvunjwa kwa nyundo, kusuguliwa kwa brashi ya waya, au linapochakaa likaanza kumomonyoka. Fundi anayelibomoa paa kuukuu akiwa kifua wazi ndiye aliye katika nafasi ile ile ya mfanyakazi wa Rochdale. Kitambaa kilichofungwa puani hakimfai, kwa kuwa nyuzi hizo hupenya. Vivyo hivyo fundi wa gereji anayepuliza vumbi la breki kuukuu kwa upepo wa pampu.

Kanuni za kujikinga si ngumu kuzielewa. Bati lililo zima liachwe lilivyo. Linalolazimika kuondolewa liondolewe na watu waliofunzwa na kuruhusiwa, wenye barakoa zinazostahili. Lilowanishwe maji kwanza, lishushwe zima, lifungwe katika plastiki nene na kufukiwa mahali palipotengwa na mamlaka. Vipande visifagiliwe vikavu, visisagwe, visifukie mashimo ya njia, wala wanafunzi wasipewe kazi ya kuviokota. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kufuliwa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini. Nchi zaidi ya 60 zimekwisha kuipiga marufuku. Hata hivyo, zaidi ya tani milioni 1 bado huchimbwa kila mwaka, na nyingi huuzwa katika nchi zinazoendelea, ambako majengo ni mengi na ukaguzi ni mchache.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa asbesto, methali hiyo ni hesabu kamili: mwanafunzi mwenye miaka 16 atakayevuta vumbi hilo mwaka huu anaweza kuugua akiwa na miaka 56, wajukuu zake wakimzunguka. Lakini kazi ya kumkinga ni ndogo, na yaweza kuanza kwa kalamu. Shule yenye paa la asbesto na iliandike habari hiyo katika daftari la majengo yake, ibainishe ni jengo lipi na liko katika hali gani, ili mwalimu mkuu ajaye, na fundi atakayekuja na msumeno wake, waambiwe kabla ya kazi kuanza.